Ziwa likishaganda umechelewa: gati, boti na bwawa la samaki

Jana usiku kipimajoto kimesoma sifuri kwa mara ya kwanza msimu huu, na asubuhi nimekuta ule mvuke mwembamba unafuka juu ya maji, yaani ziwa bado lina joto kuliko hewa, kwa hiyo bado tuna wiki kadhaa mkononi. Nimeona niandike sasa hivi na sio mwezi ujao, maana kila mwaka watu wananiuliza haya mambo ziwa likiwa limeshaganda, na hapo jibu langu linakuwa moja tu, pole sana, subiri iyeyuke ndo tujue hasara ni kiasi gani.

Nianze na gati. Winta yangu ya kwanza kukaa karibu na ziwa nilikuwa na gati dogo la mbao lililosimama juu ya nguzo nane, nne kila upande, zimepigwa kwenye tope. Nilidhani shida ni barafu kusukuma kutoka pembeni, basi nikaongeza mbao za mshazari kati ya nguzo na nguzo, nikakaza bolti zote, nikaona hapa hata ije barafu nene kiasi gani haling'oki. Na kweli pembeni halikwenda. Lilipanda juu. Barafu ilipoisha nikakuta nguzo mbili za mwisho zimevutwa kama jino, sakafu imepinda mgongo kama wa ngamia, nikapima na futi nguzo moja imepanda sentimita 30 na kitu, na ajabu hakuna kilichovunjika, bolti zangu zote ziko palepale zimekaza vilevile.

Kilichotokea ni hivi. Maji yanaganda kuizunguka nguzo, barafu inaishika mbao kama simenti. Afu maji ya ziwa yanapanda, labda imenyesha katikati ya winta, labda kuna lango la maji limefunguliwa huko juu, na barafu kwa kuwa inaelea inapanda nayo, na mkononi imeshika nguzo yako. Nguzo inapanda sentimita mbili tatu. Kule chini tope linaingia linajaza ule upenyo ulioachwa, kwa hiyo maji yakishuka nguzo hairudi tena mahali pake, barafu inajishika upya sehemu ya chini kidogo, maji yakipanda inavuta tena. Winta moja inaweza kufanya hivyo mara kadhaa. Na gati jepesi ndo linaumia zaidi, kwa sababu linabishana na bamba la ziwa zima.

Tangu siku ile nimeacha kabisa habari ya kuimarisha. Ukiimarisha umeipa barafu kitu kizuri zaidi cha kushika. Ama unakitoa kitu chako majini, ama unaiachia barafu pa kupita, na karibu kila kitu nitakachosema hapa chini kinaangukia kwenye hayo mawili.

Kama gati lako ni la vipande, lile lenye magurudumu au miguu ya kurekebisha, litoe. Najua ni kazi, maji yana baridi ya kuuma mifupa na unahitaji watu wawili watatu, lakini ni kazi ya siku moja na hakuna dawa nyingine inayoifikia hiyo. La kuelea pia likitoka ni bora, na kama haliwezi kutoka basi livute hadi kwenye kona iliyojikinga na upepo, na minyororo yake uilegeze, sio uikaze, maana maji yatapanda na kushuka na mnyororo uliokazwa utang'oa ama braketi ama nanga. Angalia na yale mapipa ya chini. Pipa likiwa na ufa mdogo tu limeshaingiza maji, na hayo maji yakiganda yanatanuka karibu asilimia 9, pipa linapasuka kabisa na kona ya gati inazama. Ligonge na ngumi, lenye maji mlio wake ni mzito unausikia hapohapo.

Sasa wale wenye nguzo za kudumu kama mimi. Unaweza kuzivalisha nguzo mabomba laini ya plastiki pale kwenye usawa wa maji ili barafu iteleze badala ya kushika, inasaidia. Ila kinachofanya kazi hasa ni mapovu, na hapa naomba mnivumilie kidogo kwa sababu watu wengi wanainunua hii mashine bila kuelewa inafanya nini, wanaiweka vibaya, afu wanasema haifai.

Maji matamu yana tabia moja ya pekee. Yanapopoa yanakuwa mazito na kuzama, kama vitu vingine tu, mpaka yakifika nyuzi 4, hapo ndo mazito kuliko wakati wowote, na yakipoa zaidi ya hapo yanaanza kuwa mepesi tena. Ndo maana ziwa linaganda juu na sio chini. Katikati ya winta, juu kuna barafu, maji yanayogusana na barafu yako sifuri, na kule chini yametulia maji ya nyuzi 4 au karibu na hapo. Huo ndo mkaa wako. Mashine ya mapovu haipashi maji joto hata kidogo, ni kompresa inakaa nchi kavu, hosi inashuka hadi chini, mapovu yanapanda na yanapopanda yanayabeba yale maji ya chini kuja juu, na maji ya nyuzi 4 yakipita chini ya barafu muda wote yanaila taratibu. Zile za propela zinazofungwa kwa kamba chini ya gati zinafanya kazi ileile, zinasukuma tu kwa nguvu zaidi na zinakula umeme zaidi.

Ukishaelewa hilo mengine yanajipanga yenyewe. Kwenye maji ya kina cha goti hakuna maji ya joto ya kutosha kule chini, mapovu yako yatazungusha baridi tu. Hosi isilale kwenye tope, iinue kidogo la sivyo inachota uchafu na kuyachafua maji. Na la muhimu, usitake kuyeyusha eneo kubwa! Mwaka wa kwanza wa mashine yangu niliwasha usiku na mchana tangu vuli, nikafungua duara kubwa la maji, nikawa najisifu kweli, kumbe maji yaliyo wazi yanapoteza joto kwenda hewani vibaya sana, barafu ndo blanketi la ziwa, mimi nilikuwa nimelivua. Baridi kali ilipofika akiba ya chini ilikuwa imeisha na barafu ikarudi mpaka kwenye nguzo. Siku hizi natumia thamostati na taima, inawaka tu kukiwa na baridi ya kugandisha, na lengo langu ni pete ya nusu mita hivi kuzunguka kila nguzo, basi. Ile pete inatosha kabisa, kwa sababu barafu isiyogusa nguzo haiwezi kuivuta.

Walio baharini, hesabu yenu ni tofauti. Maji ya chumvi yanaganda karibu na nyuzi 1.8 chini ya sifuri, na yanazidi kuwa mazito mpaka kwenye kuganda kwenyewe, kwa hiyo ile tabaka ya nyuzi 4 msiitegemee. Mapovu bado yanasaidia kwa kuyasumbua maji na kwa kuinua chochote chenye joto kilichobaki chini, ila msitegemee muujiza. Na maji kupwa na kujaa yanaipandisha na kuishusha barafu kila siku, mkinielewa hapo juu kwenye habari ya nguzo mtaona kwa nini hilo linatisha.

Kuna jambo jingine, la kutanuka. Bamba la barafu likishaganda ni kitu kigumu kama kingine chochote, likipoa linasinyaa, likipata joto linatanuka. Usiku wa baridi kali unalisikia ziwa linalia, mlio mrefu kama waya mnene uliokazwa ukapigwa na nyundo, unaanzia upande mmoja unakimbia mpaka ng'ambo, hiyo ni barafu inapasuka kwa kusinyaa. Maji yanapanda kwenye ule ufa, yanaganda, sasa bamba limejaa tena. Mchana jua likilipiga linataka kutanuka na nafasi hakuna, linasukuma ufukwe. Bamba la kilomita moja likipanda nyuzi 10 linataka nafasi ya kama nusu mita, na ile nusu mita inatafutwa kwenye ukuta wako, ngazi yako, gati lako. Theluji ikilifunika inapunguza hali hiyo maana barafu haipati joto na baridi kwa ghafla, kwa hiyo winta kavu isiyo na theluji ndo ya kuogopa, watu hudhani kinyume chake.

Na mwisho wa winta usijisahau. Barafu ikishaachia ufukwe inaelea huru, upepo ukivuma upande mmoja kwa saa kadhaa unaisukuma yote pamoja. Mei 2013 kwenye Ziwa Dauphin, Manitoba kule Kanada, barafu ilipanda nchi kavu ikabomoa nyumba za ufukweni, na siku hizohizo Ziwa Mille Lacs, Minnesota, ilitambaa hadi kwenye milango ya watu. Mapovu hayawezi kuzuia kitu kama hicho. Ndo maana nasema kinachoweza kutolewa, kitolewe.

Haya, boti. Boti ikae nchi kavu, na hapo hatari kubwa sio barafu ya ziwa tena, ni maji uliyoyasahau ndani yake. Wahenga wa baharini walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na maji nayo ndo hivyohivyo, yaliyomwagika omo, yaani mbele, na yaliyomwagika tezi, yaani nyuma, yote yanaishia kwenye ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, kwa hiyo boti iinue kidogo upande wa omo, toa plagi ya tezi, plagi ifunge kwa kamba kwenye usukani ili usiisahau siku ya kurudi majini, na uhakikishe pale tundu halijazibwa na majani. Nimeiona boti nzuri kabisa iliyojaa theluji, ikayeyuka, ikaganda, sakafu ikainuka yote.

Injini ndo penye gharama. Injini zinazopozwa kwa maji ya nje zina plagi za kutolea maji kwenye bloku, ule mwili mkubwa wa chuma wa injini, moja kila upande kwa zile za V, na nyingine kwenye manifoldi, yale mabomba ya kutolea moshi. Mimi nilizifungua zote. Moja haikutoa kitu. Nikasema hii imeshakauka, nikairudisha, nikafunika boti nikaenda zangu. Lilipokuja joto nikakuta ufa umepita ubavuni mwa bloku, mrefu kama kiganja, unaweza kuingiza kucha, na bloku iliyopasuka hivyo haina maana tena. Mzee mmoja jirani aliyefanya kazi za boti maisha yake yote alikuja akaangalia, hakusema neno la kunilaumu, mwaka uliofuata akaja mwenyewe na kipande cha waya mfukoni. Nikafungua ile plagi, kimya, hakuna kitu. Nikamwambia, "Mzee, upande huu umekauka." Akasema, "Haujakauka mwanangu, umeziba," akachomeka waya, akauzungusha kama anasafisha sikio la mtoto, kikatoka kipande cha kutu na mchanga, kikafuatiwa na maji ya rangi ya chai, yakaenda, yakaenda, kama lita mbili nzima. Kwa hiyo kama plagi haitoi kitu usiamini, choma na waya mpaka uone maji au uone uwazi.

Na usifanye ile njia ya mkato ya kunyonyesha injini antifrizi, yaani kimiminika cha kuzuia kuganda, huku inaunguruma bila kutoa maji kwanza. Thamostati ya injini ikiwa haijafunguka, ile antifrizi inapita pembeni inatoka kwenye ekzosi, wewe unaona rangi ya pinki inatoka nyuma unafurahi, kumbe bloku bado imejaa maji matupu. Toa maji kwanza, afu ndo ujaze. Na antifrizi iwe ile ya propilini glaikoli, ya etilini glaikoli ni sumu na ina utamu, mbwa anailamba na anakufa, na huko mwisho inaishia ziwani.

Injini za nje, zile zinazofungwa nyuma ya boti, ziache zimesimama wima, mkia chini, maji yanatoka yenyewe, ukiinamisha juu yanabaki ndani. Oili ya gia ya chini imwage kidogo uitazame, ikiwa nyeupe kama maziwa kuna maji yanaingia, na hayo maji yakiganda yatapasua gamba la gia. Valvu za chini ya boti, zile za mpira wa chuma unaozunguka, zina ujanja wake mbaya, ukizifunga zinabakiza maji kidogo ndani ya ule mpira, kwa hiyo boti ikiwa nchi kavu ziache wazi zikauke. Matangi ya maji, choo, hita, pampu ndogo ya kuogea, yote yakauke. Betri ijae chaji au itoke uende nayo ndani, iliyojaa haigandi kirahisi ila iliyoisha chaji inaganda kwa baridi ya kawaida tu na kupasuka. Turubai liwe na mteremko na sehemu ya kupumua, na lisigusane na mikono ya pembeni. Mengine madogo mnayajua.

Bwawa la samaki sasa, hapa nina uchungu napo, maana injini inanunuliwa nyingine lakini samaki aliyeishi na wewe miaka nane hanunuliki. Samaki kwenye winta anatulia chini, kwenye yale maji ya nyuzi 4, anapumua kidogo sana, hali chakula. Maji yakishuka chini ya nyuzi 10 hivi acha kumlisha, tumbo lake halisagi tena, chakula kinaoza tu. Anachohitaji ni tundu kwenye barafu, kwa sababu majani yanayooza kule chini yanatoa gesi mbaya na zisipopata pa kutokea zinajaa kwenye maji, na oksijeni nayo haiingii. Kwa hiyo kwanza toa majani yote kabla ya kuganda, tumia wavu, ingia na mikono ikibidi. Afu pampu ya hewa, lakini isiwe kwenye shimo refu kabisa! Iweke kwenye ngazi ya juu, kina kifupi, ili ifungue tundu bila kuvuruga chumba cha chini ambako samaki wamejihifadhi, ukiiweka chini kabisa unayachanganya maji yote yanakuwa baridi na samaki hana pa kukimbilia. Unaona, mapovu yaleyale, lakini kwenye gati nayavuta maji ya chini makusudi na kwenye bwawa nayalinda.

Tundu likiziba usipige nyundo, nawaomba. Ule mshindo unapita kwenye maji na unamfikia samaki moja kwa moja. Chemsha maji, weka sufuria ya moto juu ya barafu, kaa nayo, itazama yenyewe polepole na kuacha duara safi. Ukiona theluji nene imefunika bwawa zima fagia sehemu, mwanga ukipita mimea ya chini bado inatengeneza oksijeni, ukiwa giza totoro wiki nyingi ndo unakuta samaki wameelea wote barafu inapoisha.

Kuta za bwawa, kama ni za zege zilizosimama wima, weka gogo au boya laini vielee humo, barafu ikitanuka inaviminya vyenyewe kwanza. Na kama ndo unajenga, jenga kuta zenye mteremko, barafu ikisukuma inapanda badala ya kukaba. Ni akili ileile ya meli ya Fram ya Wanorwe, waliitengeneza tumbo la mviringo makusudi, kati ya 1893 na 1896 ikakamatwa na barafu ya Aktiki na ikawa inainuliwa juu badala ya kubanwa, ikatoka salama. Endurance, meli ya mpelelezi Shackleton, haikuwa na tumbo la namna hiyo, ikabanwa hadi ikapasuka, ikazama Novemba 1915.

La mwisho linahusu watu. Ukishaweka mapovu, barafu ya jirani na gati lako ni nyembamba kuliko inavyoonekana, theluji ikianguka juu yake haionekani tofauti kabisa. Kutembea kwa miguu watu wanataka sentimita 10 za barafu ngumu inayong'aa, na pembeni ya mapovu hazipo. Weka vijiti virefu vyenye vitambaa vya rangi kali, kamba, kibao kinachosomeka na taa ya usiku, na waambie majirani kwa mdomo, watoto hasa. Umeme unaokwenda majini uwe na breka ya kukata unapovuja, na uijaribu kila mwezi kwa kubonyeza kile kitufe chake.

Nguzo zangu sasa hivi kila moja ina mstari mweupe wa rangi, nimeuchora sawasawa na jiwe kubwa la ufukweni kwa kutumia kamba na pimamaji. Barafu ikiisha narudi na kamba ileile. Miaka mitatu sasa mistari na jiwe viko usawa mmoja, isipokuwa nguzo ya mwisho kushoto ambayo msimu uliopita imepanda upana wa kidole, na nadhani najua sababu, hosi ilikuwa imesogezwa na mkondo. Kesho nikipata msaidizi naishusha hosi upya na kuifunga jiwe.